Vyuma au vifuniko vya uwazi? Kuchagua namna ya kunyoosha meno ukiwa Goma

Vyuma vya meno hufanya kazi hata ukiwa umelala, umechoka au umesahau kabisa kwamba viko mdomoni. Vifuniko vya uwazi, vile vya plastiki ambavyo madaktari wengi wa Goma huviita gutiera, hufanya kazi kwa saa zile tu unazovivaa. Tofauti nyingine zote, za sura, bei, maumivu na usafi, zinafuata nyuma ya hiyo. Ndiyo maana swali la kipi ni bora halina jibu kabla ya kujibiwa maswali mawili: jino lako linatakiwa kwenda wapi, na nani atalisimamia mpaka lifike huko, wewe au waya?

Kwa mtu wa Goma kuna la tatu. Matibabu haya kwa kawaida huchukua kati ya miezi 12 na 24, na mji huu hauahidi miezi 24 iliyotulia. Mwaka 2020 mpaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda, ulifungwa kwa sababu ya korona. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Januari 2025 vita viliingia mjini na uwanja wa ndege ukafungwa. Anayechagua kifaa cha meno hapa achague kitakachovumilia daktari kuwa ng'ambo ya mpaka, mzigo kuchelewa, au yeye mwenyewe kujikuta Sake au Bukavu kwa wiki kadhaa.

Mfupa ndio unaoamua mwendo

Jino halikushikamana moja kwa moja na mfupa wa taya. Katikati kuna utando wa nyuzi wenye unene wa takriban milimita 0.2, uliojaa mishipa ya damu. Jino likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokatika, upande unaobanwa seli za mwili huumega mfupa kidogo kidogo, na upande wa pili seli nyingine hujenga mfupa mpya. Kazi hiyo ina kasi yake: karibu milimita 1 kwa mwezi mambo yakienda vizuri, na mara nyingi chini ya hapo kwa mtu mzima. Kusukuma kwa nguvu zaidi hakuongezi kasi. Utando ukibanwa mno damu haipiti, sehemu ile hufa, na jino husimama kwa wiki kadhaa mpaka mwili uondoe uharibifu. Mzizi nao unaweza kulika ukawa mfupi. Kwa hiyo mtu akikuahidi kumaliza msongamano mkubwa wa meno kwa miezi mitatu, kataa, awe ameshika vyuma au plastiki.

Kwa sababu hiyohiyo fizi hutangulia. Mfupa unaotakiwa kujijenga upya lazima uwe mzima. Mwenye fizi zinazotoka damu, meno yanayolegea au ukoko mgumu nyuma ya meno ya chini huanza na detartraji, yaani kung'olewa ukoko huo, na matibabu ya fizi, kwa kuwa kuhamisha jino ndani ya fizi zenye ugonjwa huongeza upotevu wa mfupa. Meno yaliyooza huzibwa kwanza. Kisha hupigwa radiografi ya taya nzima, ile panoramiki, kwa sababu chonge lililokwama ndani ya mfupa au uvimbe kwenye ncha ya mzizi hauonekani kwa macho. Anayetaka kukubandikia chochote bila radiografi anabahatisha kwa meno yako.

Vyuma kwa karibu

Kila jino hugandishiwa braketi, kipande kidogo chenye mfereji wa kupitishia waya. Jino husuguliwa, hukaushwa, hupakwa asidi ya fosforasi ya 37% kwa sekunde 15 hadi 30, huoshwa, kisha hukaushwa tena mpaka enameli, lile gamba gumu la nje la jino, ionekane nyeupe isiyong'aa. Asidi imefungua vitundu vidogo sana ambamo resini, gundi ya kubandikia braketi, itaingia na kushika. Braketi huwekwa, hunyooshwa mahali pake, na taa ya buluu huigandisha resini. Adui wa hatua hii ni mate. Tone moja likirudi kwenye jino lililokwisha kupakwa asidi, braketi itashika siku hiyo na kung'oka wiki ijayo, na mgonjwa atadhani amekula vibaya. Magego ya nyuma hupewa mrija mdogo wa kugandishwa, au pete nzima ya chuma inayozunguka jino.

Mfereji wa braketi una upana wa inchi 0.018 au 0.022, kutegemea mfumo anaoutumia daktari. Waya ya kwanza ni ya mviringo, nyembamba, ya nikeli na titani, mara nyingi ya inchi 0.014. Hupindwa ifuate meno yalivyopotoka, nayo kwa wiki nyingi hujitahidi kurudi kwenye umbo lake ikiyavuta meno pamoja nayo. Baada ya miezi kadhaa huja waya ya chuma ya pembe nne, kwa mfano inchi 0.019 kwa 0.025, inayojaza mfereji karibu wote. Nguvu halisi ya vyuma iko hapa: waya ya pembe nne haisukumi kichwa cha jino peke yake, inaweza kuugeuza na mzizi ulio ndani ya mfupa. Daktari hubadilisha au kukaza kila baada ya wiki 4 hadi 8. Maumivu huwa makali zaidi siku ya kwanza au ya pili baada ya kukazwa, kisha hupungua ndani ya siku tatu hadi saba. Paracetamol na chakula laini hutosha kwa wengi.

Gharama kubwa ya vyuma ni usafi. Chakula hujificha juu na chini ya kila braketi, na mabaka meupe ya enameli iliyoanza kuoza yanaweza kutokea ndani ya mwezi mmoja tu wa kupiga mswaki kwa haraka. Vyuma vikitolewa, mabaka hubaki yakiwa yamechora umbo la braketi kwenye jino lililonyooka. Hili linatusikitisha kila tunapoliona kwa kijana, kwa sababu linazuilika kabisa. Mswaki uinamishwe nyuzi 45 kutoka juu ya braketi, kisha nyuzi 45 kutoka chini yake, jino kwa jino, na ile brashi ndogo ya kupenya ipite chini ya waya kati ya kila braketi mbili. Fanya hivyo usiku bila kukosa, na mara nyingine angalau moja mchana. Tumia dawa ya meno yenye floridi ya 1450 ppm (imeandikwa kwenye kijitubu), tema povu, na usisukutue kwa maji mengi baadaye. Floridi inayobaki kwenye meno ndiyo inayofanya kazi, na kwa nyumba inayonunua maji kwa bidoni za lita 20 hiyo ni nafuu pia.

Braketi za rangi ya jino, za seramiki, hazionekani sana lakini ni dhaifu zaidi kuvunjika, na wakati wa kuzitoa zinaweza kung'oka na kipande cha enameli. Kwa meno yenye enameli mbovu tunashauri chuma cha kawaida. Mwenye mzio wa nikeli, yule ambaye hereni za bei nafuu humtoa vipele masikioni, amwambie daktari kabla, si baada.

Vifuniko kwa karibu

Align Technology ya Marekani ilianzishwa mwaka 1997 na vifuniko vyake, Invisalign, vikaruhusiwa huko mwaka uliofuata. Siku hizi kampuni na maabara nyingi hutengeneza vya aina hiyo, na plastiki si siri kubwa. Siri iko kwenye mpango.

Kila kitu huanza na umbo la meno. Kliniki yenye skana ya mdomoni huchukua picha ya pande zote na kuituma kwa intaneti. Isiyo na skana huchukua umbo kwa kukung'atisha udongo laini, na hapo uliza ni udongo gani. Aljineti, ule unga unaochanganywa na maji, husinyaa upesi ukikauka na unatakiwa kumiminiwa plasta mara moja. Silikoni hushika vipimo vyake kwa takriban wiki mbili. Umbo litakalovuka mpaka kwenda maabara ya mbali liwe la silikoni. Kifuniko kilichotokana na umbo lililosinyaa hakitakaa mdomoni hata ukiking'ata vipi.

Kompyuta huigawa safari ya kila jino katika hatua zisizozidi milimita 0.25, na kila hatua ni kifuniko kimoja cha plastiki chenye unene wa chini ya milimita 1, kinachovaliwa siku 7 hadi 14. Piga hesabu: jino linalotakiwa kwenda milimita 3 linahitaji vifuniko visivyopungua 12. Ukibadilisha kila wiki mbili ni wiki 24, ukibadilisha kila wiki ni 12, na hiyo ni kabla ya vifuniko vya marekebisho ambavyo karibu kila mtu huvihitaji. Uliza mapema kwa nini daktari amechagua siku 7 au 14. Kijana mwenye afya na msongamano mdogo anaweza kwenda haraka; mtu wa miaka 45 aliyewahi kuugua fizi hana haja ya kukimbizwa.

Picha nzuri ya kompyuta isikulevye. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulilinganisha mwendo uliopangwa na uliotokea mdomoni, ukakuta kwa wastani ni 41% tu iliyotimia. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa namna hiyo ulipata 50%. Hii haimaanishi vifuniko havifanyi kazi. Inamaanisha kwamba daktari anayejua hupanga kupita kidogo pale atakapotaka jino lifike, na huweka raundi ya pili ya vifuniko ndani ya bei tangu mwanzo.

Mbali na plastiki, meno yako yatapewa vinundu vidogo vya resini vya rangi ya jino, ambavyo kifuniko huvishika ili kugeuza au kuvuta jino. Bila vinundu plastiki huteleza tu. Na mara nyingi daktari husugua pembeni mwa meno machache, kati ya milimita 0.1 na 0.5 kwa kila penyo, ili kupata nafasi bila kung'oa jino. Ukiambiwa vifuniko havigusi meno kabisa, hujaambiwa yote.

Saa za kuvaa ni 20 hadi 22 kwa siku. Hiyo inakuachia saa mbili, nne zikizidi, za kifungua kinywa, chakula cha mchana, cha jioni na kupiga mswaki. Anayekunywa chai asubuhi, kahawa saa nne, Fanta saa saba na mishikaki jioni, huku akitoa kifuniko kila mara na kukirudisha baada ya maongezi, atajikuta kwenye saa 14 au 15 bila kujua. Jino lililosukumwa mchana hurudi wakati kifuniko kipo kwenye kikasha, na kifuniko kinachofuata kinakataa kuingia vizuri. Dalili yake huonekana kwenye kioo: nafasi ya hewa kati ya ncha ya jino na plastiki. Ukiiona, usisonge mbele. Rudi kwenye kifuniko kilichopita au ongeza siku za hiki ulicho nacho, ung'ate kipande laini cha raba dakika tano mara kadhaa kwa siku ili kikae, na umjulishe daktari. Kulazimisha vifuniko vitatu mfululizo visivyokaa ndiko kunakoua mpango mzima.

Kikiwa mdomoni, kunywa maji tu. Chai ya moto hupinda plastiki. Soda au chai yenye sukari hukwama kati ya kifuniko na jino mahali ambapo mate hayafiki kuisafisha, na meno huoza kwa kasi. Osha kifuniko kwa maji baridi, mswaki laini na sabuni isiyo na rangi. Usikifunge kwenye karatasi ya mkono mezani, kwani hivyo ndivyo vingi hutupwa pamoja na mifupa.

Meno yapi kwa kifaa kipi

Mambo mengine hayana ubishi. Msongamano mdogo, wa milimita 4 hivi au chini kwa kila taya, mapengo madogo, meno yaliyorudi baada ya vyuma vya utotoni: vifuniko hufanya kazi safi kama mgonjwa ni mwaminifu. Msongamano mkubwa unaohitaji kung'oa magego madogo na kufunga nafasi zake, chonge lililokwama mfupani, mizizi inayotakiwa kugeuzwa, jino la kuvutwa kutoka kwenye fizi kwenda mahali pake: vyuma. Chonge na magego madogo yaliyozunguka pia ni afadhali vyuma, kwa sababu ni ya mviringo na plastiki haipati pembe ya kushika. Meno ya mbele yasiyokutana wakati wa kung'ata ni suala la katikati. Vifuniko hufunika magego na kuyazuia kuchomoza, jambo linalosaidia, lakini ikiwa taya zenyewe zimekua vibaya si vifuniko wala vyuma peke yake vitakavyotosha.

Kwa mtoto, wakati ni muhimu kuliko kifaa. Mpeleke akaangaliwe akiwa na miaka 7 hivi, magego ya kwanza ya kudumu yakishatoka. Wengi wataambiwa wasubiri. Lakini mwenye taya ya juu nyembamba, inayong'ata ndani ya ile ya chini, anaweza kupanuliwa taya wakati mfupa bado ni laini, na nafasi hiyo hupita na balehe. Kwa kijana wa miaka 13 anayesahau daftari nyumbani, vyuma ni chaguo la huruma: humwondolea jukumu ambalo hawezi kulibeba kila siku.

Mwanya wa mbele unastahili maneno yake, kwa kuwa kwetu ni pambo na watu wengi huja kuufunga kisha wakaujutia, au waume na wake zao wakaujutia. Fikiri vizuri. Ukiamua, jua kwamba ndiyo kazi rahisi kwa vifaa vyote viwili, na ndiyo inayorudi upesi kuliko zote, hasa pale kano ya mdomo wa juu inaposhuka hadi kati ya meno. Na usifunge mwanya kwa raba ya kawaida uliyoizungushia meno mawili. Raba hupanda taratibu kufuata mzizi, huingia chini ya fizi isionekane, na kukata mfupa mpaka meno yote mawili yanang'oka yakiwa mazima. Hakuna kosa la nyumbani la bei kubwa kama hili.

Yanayohusu Goma hasa

Anza na rangi ya meno. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira hubeba floridi, mvua huiosha ikaanguka nayo, na familia zinazokunywa maji ya mvua kwenye miteremko na upande wa magharibi wa mji huwa na watoto wenye meno ya madoa meupe au ya hudhurungi. Madoa hayo huingia jino likiwa bado linaumbwa chini ya fizi, kwa hiyo mtu mzima asiogope dawa ya meno yenye floridi. Lakini kwa vyuma yana maana kubwa: enameli ya aina hiyo huikataa asidi, vitundu havifunguki vya kutosha, na braketi hung'oka mara kwa mara. Daktari anayelijua hili huongeza muda wa asidi, husugua kidogo uso wa jino kabla, na huweka pete kwenye magego badala ya mirija ya kugandisha. Mwambie ulikulia wapi na ulikunywa maji gani, hata kama madoa yako ni hafifu. Vinundu vya vifuniko hutegemea gundi hiyohiyo, ila mpango wenye vinundu vichache hauathiriki sana kama ule unaohitaji braketi 20 kushika kwa pamoja. Kwa mwenye madoa makali na msongamano mdogo, hii peke yake inaweza kuamua upande wa vifuniko.

Kisha chakula. Bugali, maharagwe, ndizi, samaki wa kuchemsha na parachichi havina tatizo na vyuma. Sombe huacha nyuzi zinazojifunga kwenye waya. Sukutua kwa maji mara tu umemaliza. Sambaza wa kukaanga wana miiba inayokwama kati ya braketi na fizi, basi wale kidogo na brashi ndogo iwe karibu. Mahindi ya kuchoma yapukuchue kwa mkono. Mbuzi mkate vipande vidogo, tafuna kwa magego, acha mifupa. Muwa uache kabisa mpaka vyuma vitoke, kwa kuwa kuumenya kwa meno ya mbele huvuta braketi upande ambao gundi ni dhaifu, na sukari yake hubaki chini ya waya. Kila braketi inayong'oka bila kurudishwa humwachia jino wiki za kurudi lilikotoka.

Na safari. Mwenye vyuma asiyeonana na daktari kwa miezi mitatu kwa kawaida hapati madhara ikiwa kila kitu kimeshika: waya ya nikeli na titani humaliza kazi yake na kutulia, na minyororo ya mpira, ile inayovuta meno yakaribiane, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ndani ya wiki chache. Hatari ni kitu kilichovunjika na kuendelea kuvuta: braketi moja iliyong'oka kwenye waya iliyokazwa, au springi iliyoachwa ikisukuma jino bila mtu wa kuiangalia. Ukijua kwamba unaondoka kwa muda usiojulikana, mwombe daktari aweke waya tulivu na kuyafunga meno pamoja yabaki yalipo. Mkobani uwe na nta ya meno, kikata kucha, brashi ndogo na kopo la chumvi. Waya ikichoma shavu, ifunike kwa nta. Ikizidi, ikate ncha kwa kikata kucha kilichosafishwa kwa pombe ya dawa, ukiishika ncha usije ukaimeza. Kidonda sukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Vifuniko vina faida hapa, ikiwa tayari viko mkononi. Daktari anaweza kukupa hatua sita kwa mara moja, sawa na miezi mitatu ukivaa kila kimoja wiki mbili, na kukufuatilia kwa picha za simu. Ukilazimika kuondoka na kimoja tu, endelea kukivaa usiku kishike meno mahali yalipofika. Kifuniko kikipotea, vaa kilichotangulia. Kama hicho ulichokipoteza ulikuwa umekivaa siku 10 kati ya 14, daktari anaweza kukuruhusu uingie kinachofuata. Tatizo ni marekebisho: raundi ya pili ikisubiri mzigo uliokwama, meno husubiri nayo. Usitupe vifuniko vya zamani kabla matibabu hayajaisha.

Jambo moja zaidi kwa anayefikiria kuagiza vifuniko kwa simu bila kuonwa na daktari. Mwaka 2023 kampuni ya Marekani SmileDirectClub, iliyojijenga kwa kuwatumia watu vifuniko nyumbani, ilifilisika na kufunga Desemba, ikiwaacha wateja katikati ya matibabu. Huko kuna madaktari wa kukimbilia kila mtaa. Hapa, mtu anayebaki na meno nusu njiani na bila radiografi hata moja ana njia ndefu ya kurudi.

Bei na karatasi

Kulinganisha bei za vifaa hivi kwa namba moja moja hupotosha, maana kliniki huhesabu vitu tofauti. Taka jumla kwa maandishi, kwa dola kama kawaida ya mji, pamoja na ratiba ya malipo. Ndani ya jumla hiyo ionekane wazi kama kuna radiografi ya mwanzo na ya kati (ya kati, karibu miezi 6 hadi 12 baada ya kuanza, huangalia kama mizizi inafupika), braketi za kubadilisha zikianguka, kutoa vyuma mwishoni na kusafisha gundi, raundi ya marekebisho kwa vifuniko, na vifaa vya kuzuia meno yasirudi. Kwa vifuniko uliza idadi, siku za kila kimoja, na nani hasa alipanga mwendo wa meno: ni ortodontisti aliyesomea kazi hiyo, au fundi wa maabara aliyeidhinishiwa na daktari kwa kubonyeza kitufe? Kwa vyuma uliza kama daktari yuko mjini kila mwezi au huja kutoka mji mwingine, na nani atakuona katikati yake.

Omba pia nakala ya kila kitu: radiografi, picha za meno kutoka pande tano, umbo la plasta au faili la skana, aina ya braketi na ukubwa wa mfereji wake. Mtu akihamia Bukavu au Kampala na karatasi hiyo, daktari wa huko huendelea. Bila hiyo, mara nyingi hutoa kila kitu na kuanza upya, na malipo nayo huanza upya.

Baada ya vyuma au kifuniko cha mwisho

Nyuzi za fizi zilizovutwa wakati meno yanahama huchukua karibu mwaka kujipanga upya, na mpaka hapo huyavuta meno yarudi. Kwa hiyo kuna sehemu ya pili ya matibabu ambayo wengi huiruka. Kawaida ni waya nyembamba inayogandishwa nyuma ya meno ya chini ya mbele, pamoja na kifaa cha plastiki cha juu kinachovaliwa mchana na usiku kwa miezi kadhaa ya mwanzo, kisha usiku tu kwa miaka. Aliyefunga mwanya agandishiwe waya ya nyuma pia juu. Waya hiyo ikiachia jino moja upande, mtu hasikii maumivu yoyote, na jino hilo linaanza kutoka kwenye mstari peke yake. Pitisha ulimi nyuma ya meno kila wiki, na ukisikia ncha iliyoinuka nenda ikagandishwe kabla ya mwezi kuisha.

Kifaa cha plastiki cha usiku huchakaa na kupasuka, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Ukiacha umbo la meno yako yaliyokwisha kunyooka kwenye kliniki, kwa plasta au kwa faili, kipya hutengenezwa bila kuanza upya. Kikianza kubana baada ya usiku chache bila kuvaa, meno yameshaanza kuhama: kivae kila usiku mpaka kikae bila kubana, na kama hakiingii kabisa, usikilazimishe, rudi kwa daktari wiki hiyohiyo.